Kirukia Juu ya Mparachichi wa Mama

Wateja waliokuja kitaluni mara ya pili waliuliza kwanza habari za mti, ndipo wakakumbuka kumuuliza na mwenye kitalu habari zake. Hakuona ubaya. Mparachichi ule uliosimama katikati ya uwanja ndio uliompa kazi, chakula na jina, na yeye alijihesabu kuwa mtumishi wake. Ulitokana na kokwa ambalo mama yake alilifukia nyuma ya jiko akiwa bado bibi harusi, bila kutarajia lolote. Mti ukakua, ukazaa matunda yenye nyama ya manjano laini kama siagi, kokwa dogo, na ganda lililobanduka bila kubembelezwa. Watu wakaanza kuomba mbegu. Lakini mbegu ya parachichi haina uaminifu. Humzaa mtoto asiyefanana na mzazi. Aliyetaka tunda lile lile ilimbidi apate kipande cha mti ule ule.

Hapo ndipo kazi ya binti ilipoanzia. Alijifunza chuoni kubebesha miche, akarudi nyumbani na kisu kidogo chenye makali ya wembe, na tangu hapo mtaa mzima ukamwita Fundi Miche. Alichukua mche mchanga uliooteshwa kwenye kiriba cha plastiki, akaukata kichwa, akaupasua katikati, akachomeka kikonyo kilichokatwa kwenye mti wa mama na kuchongwa mfano wa kabari, kisha akafunga kwa utepe wa nailoni. Mizizi ya mmoja ikabeba kichwa cha mwingine, na wote wawili wakaishi. Vikonyo vyote, mwaka hadi mwaka, vilitoka kwenye mti ule mmoja. Ukifa, kitalu nacho kimekufa. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho alimwita kitandani. Hakuzungumzia mti, alijua hauhitaji kuombewa. Alimzungumzia mwanawe wa kiume.

"Mwangalie mwenzio," alisema. "Huyu hana ngozi ngumu kama wewe."

Mwenzio huyo, mdogo wake anayemfuata, alifika siku ya mazishi na begi moja na redio. Alikuwa utingo wa magari ya mizigo, akagombana na tajiri wake, akashushwa njiani. "Nakaa wiki mbili tu, Dada," alisema, "nijipange." Dada akamtandikia godoro sebuleni. Godoro likamuumiza mgongo, akahamia kwenye chumba kikubwa kilichokuwa cha mama, ambamo dada alikuwa ameanza kulala. Dada akahamia stoo, pamoja na viriba, chepe na harufu ya mbolea. Haikuonekana kuwa jambo kubwa. Yeye huamka mapema, na stoo iko karibu na bomba.

Chini ya mparachichi palikuwa na benchi. Kaka aliketi hapo asubuhi moja kunywa chai, na ni kama hakuinuka tena. Marafiki wakamfuata kwenye kivuli, karata zikatandazwa, redio ikaning'inizwa kwenye msumari, na haukupita muda mrefu wakamwita Mwenyekiti. Alikuwa mcheshi wa kuzaliwa. Mtu akimuuliza ni lini ataanza kazi, alitikisa kichwa kwa masikitiko: "Kazi haina adabu, bwana. Inamwamsha mtu." Benchi zima likavunjika mbavu, na dada naye, akiwa amepiga magoti kati ya viriba, akajikuta anacheka.

Haki yake apewe: jioni alikuwa na kitu cha kurudisha. Dada alipokuwa akinawa udongo mikononi, kaka alimsimulia yote yaliyopita uwanjani, akiiga sauti ya kila mteja, yule mwenye kigugumizi cha kujifanya na yule anayepunguza bei huku akitazama mbingu. Nyumba iliyonyamaza tangu kifo cha mama ikawa na sauti. Dada hakuwa mtu wa maneno. Angeweza kukaa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi akizungumza na miche tu. Alimpikia, akamfulia, akamnunulia viatu, na moyoni akaona kwamba wamegawana maisha sawa: yeye anatoa mizizi, kaka anatoa kichwa chenye maua.

Kirukia kilikuja na ndege. Ndivyo kinavyokuja siku zote. Ndege hula tunda lake, mbegu ikamng'ang'ania mdomoni kwa utomvu, akaifutia kwenye tawi la mti anaoukuta, akaenda zake. Mbegu ile haihitaji ardhi. Huchomeka kidole chake ndani ya gome, ikafika kwenye maji ya mti, ikatulia hapo na kunywa. Kina majani yake, kina maua yake mekundu, na asiyejua hudhani mti umechanua. Lakini kipande cha tawi kilicho mbele yake hukauka taratibu kwa kiu, kwa kuwa kila kinachopanda kutoka mizizini kinaishia kwa mgeni.

Fundi alikiona kikiwa na majani mawili, kwenye tawi lililotandaza kivuli juu ya benchi. Dawa aliijua, aliwaeleza wateja kila siku. Hakuna kung'oa, hakuna kupunguza, kwa sababu kidole kinabaki ndani na kuchipua kwa hasira zaidi. Lazima tawi likatwe, mkono mzima chini ya pale kilipojishika, hata kama ni tawi zuri. Akaleta ngazi na msumeno.

"Eh, Dada, unafanya nini?" Mwenyekiti aliweka karata zake kifudifudi.

"Nakata tawi hili. Limeingiliwa."

"Hilo hilo la kivuli? Si useme tu unanifukuza ofisini!"

Marafiki wakacheka. Mmoja akasema, "Fundi, mhurumie Mwenyekiti, akipigwa na jua atayeyuka."

"Kajani kadogo hivyo," kaka akaendelea, akiinua uso na kutabasamu tabasamu lile la mama. "Kwani kanakula kiasi gani? Mti wote huo!"

Alisimama kwenye ngazi na msumeno mkononi, watu wazima kadhaa wakimtazama kutoka chini. Tawi lilikuwa nene na lenye afya. Akatoa mkasi wa kupogolea, akakipunguza kirukia juu juu kama mtu anayesawazisha ua wa nyumba, akashuka. Lau mwanafunzi wake angefanya hivyo, angemrudisha juu mara moja.

Mwaka uliofuata kilikuwa kichaka. Ndege wakakipenda, wakaketi, wakafuta midomo kwenye matawi mengine. Kila alipokusudia kukata, kulikuwa na sababu: mgeni wa Mwenyekiti anakuja, jua limekuwa kali, mashindano ya karata hayajaisha. Naye kila mara akapunguza juu juu.

Mtu wa kwanza kusema neno wazi alikuwa dereva aliyemletea mbolea ya samadi kwa lori. Mtaani alijulikana kama Mleta Mbolea, na hakuchukia. Mwanamume mpole, mwenye viganja vipana, aliyeshusha mzigo mwenyewe ilhali angeweza kulipa vibarua. Siku moja alisimama akiutazama mparachichi kwa muda mrefu.

"Fundi, mti wako umevaa nguo ya kuazima," alisema.

"Nimeona. Nitakata."

"Lini?"

Fundi akachukua chepe. Kutoka benchini sauti ya kaka ikapaa: "Shemeji kafika, jamani! Zibeni pua!" Benchi likaangua kicheko. Mleta Mbolea naye akacheka, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza.

Baadaye, wakiwa nyuma ya lori ambako hawakuonekana, alimwambia, "Mimi si msemaji, na wewe si msemaji, kwa hiyo nitasema mara moja. Nina nyumba. Nyumba ina uwanja wenye maji. Miche inahamishika."

Fundi alitazama mikono yake. "Na mti?"

"Mti ubaki hapa. Utakuja kukata vikonyo utakapotaka. Nitakuleta mwenyewe."

"Na mdogo wangu?"

Mleta Mbolea alifuta viganja kwenye suruali, kimoja kisha kingine. "Mdogo wako ana ndevu, Fundi."

Aliomba muda wa kufikiri. Usiseme hakutaka, usiku ule alilala stoo akitabasamu gizani kama msichana. Lakini kila alipojaribu kupanga safari hiyo kichwani, alimwona kaka ameketi mbele ya jiko lililozimika, na sauti ya mama ikisema hana ngozi ngumu. Mleta Mbolea alisubiri majira mawili ya mvua. Kila alipofika, benchi lilimpokea kwa "Shemeji, leo umekuja na manukato gani?", na kila mara alicheka kidogo kuliko mara iliyopita, hadi akaacha kabisa kucheka. Kisha lori likaanza kuletwa na dereva mwingine, kijana asiyezima injini wakati wa kushusha. Fundi hakuuliza. Kaka ndiye aliyeuliza, akimwiga mtu anayenusa hewa: "Mbona siku hizi kunanukia vizuri?" Kwa mara ya kwanza dada hakucheka. Kaka akadhani hakusikia, akarudia.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kirefu. Bomba lilitoa maji kwa kukohoa, vumbi likakaa juu ya kila kitu, na miti ya mtaa mzima ikapukutika. Mparachichi wa mama peke yake ulibaki umevaa kijani kibichi. Wateja walishangaa. "Fundi, mti wako haujui kiangazi! Unaulisha nini?" Mwenyekiti alipokea sifa hizo kutoka benchini kwa kupunga mkono, kama baba wa mtoto aliyefaulu.

Msimu wa kubebesha ulipofika, Fundi alipanda ngazi kutafuta vikonyo. Alivuta tawi la kwanza. Majani yake yalikuwa manene, madogo, yenye rangi ya majivu kwa chini. Si ya parachichi. Akavuta la pili, la tatu. Akapenya hadi ndani, mahali ambapo mtu wa chini haoni, akasimama akiwa ameshika shina kwa mikono miwili. Ncha za mti zote zilikuwa vijiti vikavu. Kijani chote kilichosifiwa kilikuwa cha kirukia. Alikwaruza gome kwa ukucha na kukuta rangi ya kahawia badala ya kijani cha mti hai. Akakwaruza pengine, kahawia. Upande mmoja tu, juu ya paa la stoo yake, lilibaki tawi moja lenye majani ya parachichi, nalo lilikuwa limeshikwa na kirukia karibu na shina.

Akashuka, akaleta msumeno. Safari hii hakungoja kuulizwa.

"Yote yanakatwa leo," alisema. "Ondoeni benchi."

Karata zikawekwa chini. Kaka aliinuka, jambo ambalo lenyewe lilikuwa habari, akamshika kiwiko na kumsogeza pembeni. Hakufanya mzaha. "Dada, nakuomba. Kiangazi hiki tu. Angalia jua hilo. Hawa jamaa wakiondoka hapa, mimi nitabaki na nani? Huko ndani peke yangu nitapata wazimu." Macho yake yalilowa, na hakuwa anaigiza, hiyo ndiyo iliyomwangusha. "Mvua ya kwanza ikinyesha, napanda mwenyewe. Nakata yote. Haki ya mama."

Dada akauweka msumeno chini. Siku ile alikata vijiti vyembamba kutoka kwenye lile tawi la mwisho, akavibebesha kwa uangalifu ambao hakuwa amewahi kuutumia, akaviweka ndani ya stoo mbali na upepo. Vilikuwa vyembamba mno, havikuwa na akiba yoyote ndani yake. Kimoja baada ya kingine vikageuka vyeusi chini ya utepe.

Mvua ikanyesha. Mtaa mzima ukachipua. Mwenyekiti hakupanda, alisema ngazi inateleza. Fundi aliutazama mti kila asubuhi akiwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa, akisubiri lile tawi juu ya paa litoe hata jicho moja. Halikutoa. Baada ya hapo kirukia nacho kikaanza kunyauka, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kukipandishia maji. Majani manene yakaanguka kwa mafungu juu ya karata, na wachezaji wakayafuta kwa mkono, wakaendelea. Kisha jua likapita moja kwa moja hadi benchini. Mmoja akahamia gereji ya jirani, kwenye paa la bati. Wa pili akamfuata. Redio ilibaki kwenye msumari ikiongea peke yake.

Jioni moja, akila, kaka alisukuma sahani. "Lakini kweli, Dada," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "wewe ulikuwa fundi wa namna gani, ukaacha mti wa mama ufe?"

Dada alikuwa na jibu, tena refu, lililokomaa kwa miaka mingi. Akaichukua sahani, akaiosha.

Kaka aliondoka wiki ile ile, na begi lile lile na redio, kwenda kwa mdogo wao wa mwisho aliyekuwa ameolewa na kuhamia nyumba mpya. Alimkumbatia dada mlangoni, akamwambia ajitunze, na alimaanisha. Siku zote alikuwa anampenda. Hilo halikuwahi kuwa na shaka, wala halikuwahi kusaidia. Siku chache baadaye simu ikalia.

"Dada, kaka kafika," alisema yule mdogo, akicheka. "Jamani anavyochekesha! Shemeji yako kampenda kweli. Anasema atakaa wiki mbili tu, ajipange."

Fundi aligeuka, akautazama mlango wa chumba kikubwa.

"Chumba kikubwa usimpe," alisema.

"Kha! Dada naye! Kwani ni mgeni?"

"Usimpe," alirudia, na kwa kuwa hakujua namna ya kusema zaidi, akaaga.

Mleta Mbolea ndiye aliyekuja kuangusha mti, kwa kuwa ndiye mwenye msumeno wa injini. Hakuja peke yake. Ndani ya lori aliketi mwanamke mwenye mimba, uso mchangamfu, aliyeteremka na kumwamkia Fundi kwa heshima. "Nimesikia sana habari zako," alisema. "Ananiambia hakuna mwenye mkono kama wako." Fundi alimletea kiti na maji. Mti ukaanguka bila kishindo kikubwa. Ulikuwa umekuwa mwepesi.

Walipokuwa wakikatakata matawi, Mleta Mbolea aliokota kipande akakigeuzageuza, kisha akampa Fundi. Ni pale kirukia kilipokuwa kimejishika. Mgeni mwenyewe alikuwa ameoza na kubanduka, na mahali pake mti ulikuwa umevimba na kufunguka kama ua lililochanua, petali juu ya petali, mifereji myembamba ikitoka katikati hadi pembeni, kazi ambayo mchongaji angejivunia. Fundi alipitisha kidole kwenye mifereji ile. Hakikuwa kirukia kilichochonga. Ulikuwa mti wenyewe, uliojipinda na kujinyoosha mwaka baada ya mwaka ili mgeni anywe vizuri.

Alikiweka dirishani. Hakulia hadi lori lilipoondoka.

Kulikuwa na jambo moja alilolijua na kuliogopa. Mti wa mama haukuwa umeisha wote. Miche aliyoiuza kwa miaka yote ile ilikuwa imesimama kwenye viwanja vya watu, kila mmoja una kichwa kilekile. Alichohitaji ni kubisha hodi na kuomba kijiti. Lakini maishani mwake alikuwa ametoa tu, kuomba hakukujua. Njiani kwenda kwa mwoka mikate, mteja wake wa kwanza kabisa, alijaribu maneno kwa sauti ya chini, akayaona yote yana aibu.

Mwoka mikate alitoka na unga hadi kwenye nyusi. "Fundi! Karibu! Umeleta mche?"

"Nimekuja kuomba," alisema. "Vikonyo. Mti wangu umekufa."

Mzee alimtazama, tabasamu likafifia usoni. "Mwanangu, huo uliopo nyuma si wako mwenyewe? Twende."

Ulikuwa umekuwa mkubwa. Matunda yalining'inia, yale yale. Fundi aliweka kiganja kwenye shina, juu kidogo ya lile kovu la kubebeshwa alilolifunga kwa mkono wake akiwa kijana, akasimama hivyo hadi mwoka mikate akaona vyema kutazama pengine. Kisha akainua macho, akaanza kuchagua. Kwenye tawi la chini, lililo nene na zuri, palikuwa na kitu chenye majani mawili.

"Msumeno upo, Mzee?"

"Upo. Wa nini? Ah, hako! Hako kameota kenyewe, mke wangu amekapenda. Eti kanatoa maua mekundu."

"Yanapendeza," alisema Fundi.

Akapima mkono mzima chini ya pale kilipojishika, akaweka meno ya msumeno, na kukata. Mzee akapiga yowe: "Tawi zima, Fundi!"

"Ndiyo," alisema, bila kusimama. "Zima."

Siku hizi kuna safu ya miche chini ya dirisha la chumba kikubwa, ambako amerudi kulala. Kivuli hakuna, itachukua miaka. Jioni anaponawa udongo mikononi, bado huacha bomba likitiririka taratibu, kama mtu anayengoja kusikia sauti ya mwingine ikimwiga mteja fulani, kisha hulifunga. Simu ya mdogo wake huja mara chache, na siku hizi kicheko kimepungua.

Wiki iliyopita mteja mmoja aliliona lile ua la mti dirishani. "Uzuri huo!" alisema. "Nani kakuchongea? Unaliuza?"

Fundi alikuwa anafunga utepe kwenye mche, na hakutaka kuuachia kabla ya fundo kukaza.

"Siliuzi," alisema. "Hapo palikaa mtu."